SOMA MOSHI KABLA YA KUFUNGUA MFUKO
Somo kwa wenye matrekta na pikapu zenye turbo

Mkulima, bila shaka umewahi kuliona trekta likivuta plau kwenye mteremko huku moshi mweusi ukitoka kama wa tanuri la makaa. Pengine trekta hilo ni lako, au ni la chama chenu cha ushirika, au ni la jirani ambaye humkodi kila msimu. Watu husimama kando ya shamba wakatoa hukumu: "Turbo imekufa." Basi mwenye trekta huuza ng'ombe wa maziwa, hununua turbo nyingine, na siku ya kwanza ya kulima moshi hutoka vile vile. Ng'ombe amekwenda, mvua imekaribia, na shamba bado halijalimwa.

Hasara hii yaweza kuepukwa. Katika somo hili utajifunza kuusoma moshi wa injini. Lakini kwanza shika neno moja, kwa maana mengine yote yanatoka hapo. Moshi hukuambia ni kitu gani kinachoungua vibaya. Haukuambii ni chombo gani kilichoharibika. Chombo hicho hapana budi ukitafute mwenyewe kwa utaratibu, ukianza na vitu vya bei ndogo na kumaliza na vitu vya bei kubwa.

TURBO NI KITU GANI?

Injini ya dizeli huhitaji vitu viwili ili ifanye kazi: dizeli na hewa. Ili lita moja ya dizeli iungue yote, hutaka zaidi ya lita 10,000 za hewa, na hiyo ni hewa nzito ya pwani. Kwako wewe unayelima Kinangop au Ol Kalou, mahali palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,300, hewa ni nyepesi. Huko lita ile ile ya dizeli hutaka zaidi ya lita 12,000 za hewa. Ndiyo sababu injini isiyo na turbo huchoka na kutoa moshi inapopanda kutoka bondeni kwenda milimani.

Turbo ni pampu ya hewa. Ina magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa kwenye shafti moja. Gurudumu la kwanza huzungushwa na moshi wa moto unaotoka katika injini. Gurudumu la pili huvuta hewa kupitia katika chujio na kuisukuma kwa nguvu ndani ya silinda. Kwa hiyo nguvu ambayo ingepotea bure katika bomba la moshi hutumika kuilisha injini hewa.

Jambo hili si geni. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1905. Hapa kwetu Kenya, mwaka 1984, gari la Toyota Celica lenye turbo lilishinda mashindano ya Safari Rally likiendeshwa na Björn Waldegård. Leo chombo hicho kimo katika magari ya mashindano, na pia katika matrekta, malori na pikapu za kubebea viazi na maziwa. Kazi ni mbalimbali, lakini ugonjwa wa turbo na dalili zake hazitofautiani sana.

Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Haikai juu ya chuma kikavu, bali huelea juu ya utando mwembamba wa oili, na oili hiyo ni ile ile ya injini. Kwa sababu hiyo turbo ina maadui watatu: oili chafu, oili haba, na vumbi.

KWANZA ANDIKA ULIYOYAONA

Kabla ya kushika spana, chukua daftari lako la shamba uandike mambo manne:

1. Rangi ya moshi. Ni mweusi, ni wa buluu, au ni mweupe?
2. Wakati wa moshi. Je, hutoka asubuhi wakati wa kuwasha, au wakati wa kuvuta mzigo, au baada ya injini kunguruma muda mrefu bila kazi, au kutwa nzima?
3. Oili na maji. Pima oili trekta likiwa mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa. Tazama maji ya rejeta injini ikiwa baridi kabisa. Andika kama vinapungua, na kwa siku ngapi.
4. Nguvu. Je, trekta huvuta kama zamani, au limelegea?

Fanya uchunguzi huu nje, penye hewa. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, maana hewa ya sumu itokayo pamoja na moshi huua, nayo haina harufu.

MOSHI MWEUSI: DIZELI IMEKOSA HEWA

Moshi mweusi ni masizi. Dizeli imeingia nyingi, au hewa imeingia kidogo, basi dizeli haikuungua yote. Trekta lenye turbo likiongezewa moto ghafla laweza kutoa moshi mweusi kidogo kwa muda mfupi, kwa sababu turbo haijashika kasi. Huo si ugonjwa. Lakini moshi mweusi usiokoma wakati wa kuvuta ni dizeli yako inayopotea angani.

Tafuta kwa utaratibu huu:

Kwanza, chujio la hewa. Wakati wa kiangazi, siku chache za kulima zatosha kulijaza vumbi. Litoe, ulitazame kwenye mwanga. Chujio la karatasi ligongegonge taratibu litoe vumbi. Usilioshe kwa petroli. Kama limeziba sana au limepasuka, nunua jipya. Matrekta mengi yana chujio la pili dogo ndani ya lile kubwa. Hilo la ndani halisafishwi, hubadilishwa.

Pili, mipira ya hewa kati ya turbo na injini. Hapa hewa hupita kwa nguvu, na mpira ukipasuka au klipu ikilegea, hewa hutoroka. Dalili zake ni moshi mweusi, nguvu kupungua, na mlio wa kufoka kama wa nyoka wakati wa kuvuta. Injini ikiwa imezimwa, pitisha mkono chini ya mipira yote. Mahali penye ufa mara nyingi pana unyevu wa oili ulioshika vumbi. Klipu moja yaweza kuwa ndiyo ugonjwa wote.

Tatu, nozeli na pampu ya dizeli. Nozeli ikichoka haipulizi dizeli kama ukungu, bali huidondosha kwa matone. Kazi ya kuzipima mpe fundi mwenye mashine ya kupimia. Angalia sana: katika injini za kisasa zinazoendeshwa kwa kompyuta, dizeli hukaa kwenye mabomba kwa nguvu inayopita baa 1,000. Usilegeze nati ya bomba hilo injini ikiwaka, wala usitafute uvujaji wake kwa kidole. Mchirizi mwembamba wa dizeli hiyo hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha lake ni la kukimbiliwa hospitali siku ile ile hata likionekana dogo kama tundu la sindano.

Nne, ndipo uitazame turbo yenyewe.

MOSHI WA BULUU: OILI INAUNGUA

Moshi wa buluu una harufu kali, nao huning'inia hewani kabla ya kutawanyika. Maana yake oili ya injini imeingia mahali pa moto. Njia za kuingilia ni tatu, na wakati wa moshi ndio utakaokuonyesha njia.

Ukitoka asubuhi wakati wa kuwasha, kisha ukakoma, huenda ni sili za valvu. Oili huchuruzika usiku na kuungua asubuhi.

Ukitoka siku nzima, na zaidi wakati wa kuvuta mzigo, huenda ni ringi za pistoni zilizokwisha. Fungua kifuniko cha kutilia oili injini ikinguruma taratibu. Ukiona mvuke ukipuliza kwa nguvu, ringi zimechoka.

Ukitoka baada ya injini kunguruma muda mrefu bila kazi, kisha ukaongeza moto likatoka wingu kubwa, yawezekana oili inapita kwenye turbo.

Lakini hapa ndipo wengi hukosea. Oili ikipita kwenye turbo, si lazima turbo iwe imekufa. Turbo hupokea oili kwa bomba jembamba la juu na kuirudisha injini kwa bomba nene la chini. Bomba hili la chini likikunjika au likiziba kwa oili iliyoganda, oili hukosa njia ya kurudi, nayo hujipenyeza kwenye magurudumu. Kadhalika, injini ina bomba la kupumulia. Likiziba, upepo wa ndani huizuia oili kushuka. Mara nyingine nyigu hujenga kiota chake cha udongo katika bomba hilo trekta likiwa limesimama tangu mavuno. Na chujio la hewa lililoziba hufanya turbo inyonye kwa nguvu mno, hata ikavuta oili yake yenyewe. Mwisho, mtu akijaza oili kupita alama ya juu, matokeo huwa yale yale.

Kwa hiyo tazama mambo hayo manne kwanza: kipimo cha oili, chujio la hewa, bomba la kupumulia, na bomba la kurudishia oili. Baada ya hayo, pima turbo. Zima injini, ungoje ipoe kabisa. Toa mpira wa hewa unaoingia kwenye turbo, ushike ncha ya shafti kwa vidole viwili. Ikicheza kidogo sana upande kwa upande, usiogope, maana imetengenezwa hivyo ili oili ipate nafasi. Lakini isukume na kuivuta, mbele na nyuma: huko isisikike kucheza. Kisha zungusha gurudumu huku ukiliegemeza upande. Mapanga yakigusa nyumba yake, au ukiona ncha zimelika, turbo hiyo imekwisha. Unyevu mdogo wa oili ndani ya mpira ni kawaida. Dimbwi la oili si kawaida.

MOSHI MWEUPE: MAJI, AU DIZELI ISIYOUNGUA

Asubuhi ya baridi, moshi mweupe unaokwisha baada ya dakika chache si neno. Ukiendelea injini ikiwa imepata joto, unuse ukiwa mbali kidogo.

Ukiunguza macho na kunuka dizeli, dizeli inatoka bila kuungua. Huenda plagi za kupasha moto hazifanyi kazi, au nozeli ni mbovu, au dizeli ina maji. Fungua kizibo cha chini cha chujio la dizeli uyamwage maji yaliyotuama. Ujihadhari pia na dizeli ya bei rahisi iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi pampu wala nozeli, na faida ya leo huwa deni la kesho.

Ukinuka utamu kama wa dawa ya rejeta, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja nje, basi maji yanaingia katika silinda. Huenda gasketi ya hedi imeungua au hedi imepasuka. Tazama oili kwenye kijiti cha kupimia: ikiwa na rangi kama ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Trekta la namna hiyo usiliwashe tena mpaka fundi alione, maana oili yenye maji huua injini nzima pamoja na turbo. Na kamwe usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto.

Kwa magari ya petroli yenye turbo kanuni ni hiyo hiyo. Mweusi ni petroli nyingi, buluu ni oili, na mweupe usiokwisha ni maji.

HATARI: INJINI INAYOKIMBIA YENYEWE

Soma sehemu hii mara mbili, na umsomee dereva wako.

Injini ya dizeli haihitaji cheche za plagi ili iwake. Turbo ikimwaga oili nyingi kwenye njia ya hewa, injini huanza kuinywa oili hiyo badala ya dizeli. Mlio hupanda wenyewe, wingu la moshi hujaa, na ukizima ufunguo injini haisikii, kwa sababu dizeli imekatwa lakini oili bado inaingia. Hukimbia mpaka oili iishe au ipasuke.

Likitokea jambo hilo, waondoe watoto na watu wote kando ya injini. Kama wewe uko kitini, mbele hakuna mtu, na trekta ni la klachi ya mguu, weka gia ya juu kabisa, kanyaga breki kwa nguvu, kisha achia klachi ghafla ili injini izimike. Njia nyingine ni kuziba mdomo wa hewa kwa kipande cha ubao. Usitumie mkono wala kitambaa. Injini hukivuta kitambaa, na mkono huumia vibaya. Ukiona huwezi, kimbia mbali. Chuma hununuliwa, mtu hanunuliwi.

Kwa hiyo trekta lenye wingu la buluu na oili inayopungua kila siku halipelekwi shambani "kumalizia ekari mbili tu".

MFANO WA KUJIFUNZIA

Tuseme mkulima mmoja ana trekta lenye turbo. Tangu juma lililopita linatoa moshi mweusi wakati wa kuvuta, na wakati wa mapumziko hutoa buluu kidogo. Fundi wa njiani amemwambia anunue turbo. Mkulima afanye nini?

Anafungua daftari. Oili imepungua kidogo, maji hayakupungua, nguvu imelegea. Anatoa chujio la hewa, anakuta limejaa vumbi jekundu. Anafahamu kwamba chujio hilo moja laweza kuleta moshi wa aina zote mbili: mweusi kwa kuinyima injini hewa, na buluu kwa kuifanya turbo inyonye oili. Ananunua chujio, anasafisha bomba la kupumulia, anapima shafti na kuikuta imara. Moshi ukikoma, ameokoa ng'ombe wake. Usipokoma, bado hakupoteza kitu, maana chujio lilikuwa la kubadilishwa kwa vyovyote.

KUITUNZA TURBO

Turbo haifi bure; huwa imeuawa. Yashike haya:

1. Badilisha oili na chujio lake kwa saa zilizoandikwa katika kitabu cha trekta lako. Kwa matrekta mengi ni kila baada ya saa 250 za kazi. Tumia oili ya aina iliyotajwa humo.
2. Ukiwasha, ngoja nusu dakika kabla ya kuongeza moto, ili oili ifike kwenye turbo.
3. Ukimaliza kazi nzito, iache injini ingurume taratibu dakika 3 ndipo uizime. Ukizima mara moja, shafti huendelea kuzunguka bila oili, na oili iliyobaki huungua ikawa masizi magumu.
4. Usiendeshe kamwe bila chujio la hewa, hata kwa siku moja. Vumbi hulika mapanga kama msasa.
5. Kama hapana budi kununua turbo mpya, mwambie fundi atafute kwanza kilichoiua ile ya zamani. Asafishe au abadilishe mabomba ya oili, atie oili mpya na chujio jipya, na amimine oili safi ndani ya turbo kabla ya kuwasha. Bila hivyo turbo ya pili itakufa kwa ugonjwa wa ile ya kwanza.

MASWALI YA KUJIPIMA

Swali: Moshi mweusi, mlio wa kufoka, nguvu imepungua. Utaanza wapi?
Jibu: Kwenye chujio la hewa, kisha mipira na klipu kati ya turbo na injini.

Swali: Buluu asubuhi tu, kisha safi kutwa nzima. Je, ni turbo?
Jibu: Si rahisi. Shuku sili za valvu kwanza.

Swali: Mweupe usiokwisha, maji yanapungua, oili ina rangi ya chai ya maziwa. Utamalizia kulima?
Jibu: Hapana. Zima, usiwashe tena, mwite fundi.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Keti kando ya trekta lako juma hili, kabla ya mvua, ulitazame moshi wake kwa robo saa, na uandike ulichokiona. Kisha mpe fundi daftari hilo kabla hajafungua hata nati moja. Fundi mwema atakushukuru, na yule wa kubahatisha atajua kwamba mwenye trekta ana macho.